Ukitaka kula vizuri Entebbe, lipe ziwa mgongo

Mgeni akishuka Entebbe na njaa, miguu humpeleka majini. Hoja yake inaeleweka: mji umezungukwa na ziwa karibu pande zote, samaki wako pale, basi samaki wa bei nafuu naye lazima awe pale. Analipa kiingilio cha ufukweni, anakaa chini ya mwamvuli, anaagiza ngege (yaani sato) mzima wa kukaanga na chipsi, anasubiri saa nzima, kisha analetewa bili inayomfanya aombe kuiona menyu tena. Ngege alikuwa mtamu, hilo sibishi. Lakini kwa pesa ile angekula siku mbili umbali wa dakika chache kwa boda, na angekula na watu wa mji huu badala ya kula na watalii wenzake.

Uganda haina bahari. Pwani yetu ni ya maji baridi: Entebbe, Jinja, na ule upande wa Kampala unaogusa ziwa kule Ggaba, Munyonyo na Luzira. Ukiuliza kula wapi katika miji hii utaelekezwa kwenye mandhari, na mandhari ina bei yake. Mimi nashikilia kwamba chakula kizuri cha bei ndogo katika mji wa ufukweni hakifuati maji. Kinafuata watu wasio na muda, wenye pesa ya kuhesabu, wanaorudi kula mahali pale pale kesho. Ukiwajua hao ni akina nani na wanapita wapi saa ngapi, huhitaji mwongoza watalii.

Tuanze na samaki, maana ndiye anayewachanganya watu. Kwa nini awe ghali pale pale anapovuliwa?

Mputa, ambaye wenzetu wa Mwanza wanamwita sangara, si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa. Nyuma yake vikaja viwanda vya minofu, na minofu ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Tangu hapo bei ya samaki mwaloni, pale mitumbwi inapotua, haipangwi mwaloni peke yake. Mvuvi akifika na mputa mkubwa, mnunuzi wa kwanza kumkabili ni wakala wa kiwanda mwenye barafu na mizani, si mama mwenye kikaango. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa Uganda kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumiwa na baadhi ya wavuvi, kishindo kilifika hadi kwenye mitumbwi isiyokuwa na habari na Brussels. Ndivyo sahani ya Nakiwogo, mwalo wa Entebbe, ilivyofungwa kamba na soko la mbali. Siku hizi hata kibofu cha hewa cha mputa, yale mabondo, hukaushwa na kusafirishwa hadi China kwa bei inayoiacha nyama yenyewe mbali sana.

Ngege naye ana hadithi yake. Mwaka 2017 jeshi liliingia ziwani kusimamia sheria ya uvuvi: mputa chini ya inchi 20 na ngege chini ya inchi 11 haruhusiwi. Malalamiko ya wavuvi kuhusu vipigo na mitumbwi iliyochomwa moto yameripotiwa sana, na ni mazito. Yanastahili makala yake. Kwa mlaji, matokeo ni haya: samaki mdogo, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa samaki wa mwenye shilingi chache, akawa haramu kwa vitendo. Sheria yenyewe naiunga mkono, maana ziwa lisilo na wazazi halitakuwa na watoto. Ila tusijidanganye kwamba haikugusa mfuko wa mtu. Ngege wa kipimo halali, akishapita mikononi mwa mvuvi, mchuuzi na mkaangaji, hafiki mezani kwa bei ya chakula cha kila siku. Kwenye vibanda vya mwaloni andaa shilingi 15,000 na kuendelea, na kwenye hoteli za ufukweni zidisha.

Kuna namna moja tu ambayo samaki mzima wa pwani ni rahisi: kwenda mkiwa wanne. Ggaba, pembeni ya soko, unachagua samaki kwa macho angali mbichi, mnakubaliana bei, ndipo anakwenda kwenye mafuta. Mkubwa mmoja, sahani ya mihogo, kachumbari na pilipili, mkono wa kila mtu ndani. Bei mkiigawa kwa vichwa inakuwa ya kibinadamu. Ukienda peke yako, hesabu haikubali.

Kinachobaki baada ya kiwanda kuchukua chake ndicho kinachonivutia zaidi, na hapo ndipo wapishi wetu walipoonyesha akili. Mputa akishatolewa minofu hubaki kichwa, uti wa mgongo na mkia, na nyama iliyogoma kutoka mifupani. Hiyo ndiyo mgongo wazi. Wapo wanaoidharau kwa kuwa ni mabaki ya mzungu. Kwa upishi hawana hoja: nyama iliyoshika mfupa ina ladha kuliko mnofu, na kichwa cha mputa kina mafuta ambayo supu ya mnofu haitayapata hata ikipikwa hadi kesho. Ikikaangwa mpaka kingo zikauke, mgongo wazi huliwa kwa vidole, polepole, pamoja na posho (ugali wetu) au muhogo wa kuchemsha. Nikiulizwa ni chakula gani cha ufukweni kinachostahili sifa kuliko kinavyosifiwa, nitasema supu ya kichwa cha mputa saa nne asubuhi, yenye ndimu na pilipili mbuzi, wakati wavuvi wa usiku wanaimalizia kabla ya kwenda kulala.

Halafu kuna mukene, dagaa wetu. Kwa uzito ni miongoni mwa samaki wanaovuliwa kwa wingi kabisa ziwani, na bado sehemu kubwa yao huishia kwenye chakula cha kuku. Yaani tunawapa kuku samaki mwenye kalsiamu ya mifupa yake yote, kisha tunamnunua kuku. Lawama si ya mlaji peke yake. Mukene anayeanikwa juu ya mchanga hubeba mchanga, na kijiko kimoja chenye changarawe kinatosha kumwondoa mtu kwa mwaka mzima. Anayeanikwa kwenye vichanja au juu ya nyavu ni kitu kingine kabisa. Basi ukikuta mpishi anayepika mukene kwenye mchuzi wa karanga, usione haya kumuuliza amewatoa wapi. Akikujibu bila kusita, kaa chini. Sahani hiyo na matoke haifiki hata nusu ya bei ya ngege mdogo kabisa aliye halali.

Sasa tugeuze mgongo kwa ziwa.

Entebbe ina miji miwili. Upo ule wa Ikulu, uwanja wa ndege na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, wenye miti mikubwa na barabara tulivu. Na upo wa Kitoro, ambako watu waliofanya kazi katika ule wa kwanza huja kula na kunywa. Mlinzi wa geti, mfagiaji wa uwanja wa ndege, dereva wa teksi, kijana wa boda, fundi simu, mama anayerudi Nakiwogo baada ya kuuza bidhaa zake kwa abiria wa feri ya Kalangala: wote hupitia Kitoro. Hawa ndio wakaguzi wa chakula niwaaminio. Mpishi akiwalisha vibaya leo, kesho wanahamia meza ya jirani hatua tatu tu kutoka hapo, bila kuandika maoni popote.

Asubuhi wanakula katogo. Matoke yaliyochemshwa katika sufuria moja na matumbo, au maharage, au karanga, hadi mchuzi unakuwa mzito na ndizi zinaanza kulegea kingoni. Ni chakula cha saa moja hadi saa tatu. Baada ya hapo unachopata ni mabaki yaliyopashwa, na matumbo yaliyopashwa hayafichi siri. Katogo nzuri unaijua kwa harufu kabla ya kuionja: matumbo yaliyooshwa kwa haraka yananuka zizi, na hakuna bizari itakayoyatetea. Hapa siwezi kumsaidia msomaji zaidi ya kumwambia aangalie meza: kama waliokaa wameinamisha vichwa na hawaongei, agiza.

Lakini chakula kinachoeleza uchumi wa miji yetu kuliko vyote ni rolex, na naona waandishi wengi wanakipita kwa kukisifia tu. Ni chapati iliyokunjiwa yai la kukaanga lenye kabichi, nyanya na kitunguu. Asili yake husimuliwa kuwa Wandegeya, mlangoni mwa Chuo Kikuu cha Makerere, na sifa hupewa wakaanga chapati waliotoka Busoga. Iwe kweli kwa herufi zote au la, mantiki imekaa sawa: mwanafunzi hana sufuria, hana muda, hana pesa, ila ana njaa saa tano za usiku. Chapati yenyewe ilishakuwepo, zao la Wahindi waliotufikia enzi za reli na maduka yao. Amin aliwafukuza mwaka 1972. Chapati ilibaki, na leo aliyeikalia ni kijana wa Iganga, huko Busoga, mwenye bapa la chuma na sigiri, yaani jiko la mkaa.

Tazama anavyofanya kazi. Unga aliukanda mapema na kuupumzisha, akaugawa madonge. Mayai anavunja mbele yako ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia kabichi nyembamba kama uzi, nyanya kidogo (nyanya nyingi inatoa maji na yai linakuwa uji), chumvi, anakoroga kwa uma, anamwaga. Yai likishika anabandika chapati juu yake, anageuza, anakunja. Dakika tatu hivi. Gharama yake utaitaja kwa kati ya shilingi 2,000 na 3,500 kutegemea mtaa na idadi ya mayai. Ndani kuna wanga, protini na mboga, vyote vimeivishwa motoni ukiangalia. Ukilipa 5,000 za kupita na gari dogo kwenye barabara ya kasi ya Kampala na Entebbe, umeshauacha mlo wa mtu mmoja kwenye kibanda cha ushuru.

Kuna jambo watu hawalioni katika chapati hiyo. Sehemu yake kubwa inatoka mbali. Uganda huagiza karibu ngano yake yote kutoka nje. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 na bei za ngano na mafuta ya kula zikapaa duniani, chapati zetu zilikonda kwanza, ndipo zikapanda bei. Mchuuzi anajua wateja wake: watasamehe kipenyo kilichopungua kabla hawajasamehe shilingi 500 zilizoongezeka. Na hapo ndipo panapochekesha kwa uchungu. Visiwa vya Ssese, ambavyo huvukiwa kutokea hapo hapo Nakiwogo, vimefyekwa maelfu ya ekari kupandwa michikichi tangu katikati ya miaka ya 2000. Mafuta ya mawese yanatoka Kalangala, wilaya ya visiwa hivyo, na kusafishwa Jinja. Tuliambiwa tutajitosheleza. Soko la dunia lilipotikisika, kikaango cha Kitoro kilitikisika vile vile.

Kwa hiyo mji wa pwani unaouza samaki nje unalisha watu wake kwa ngano inayonunuliwa nje. Sisemi ni njama ya mtu. Ni bei zilizofanya kazi yake, kila mmoja akiuza anacholipwa vizuri zaidi. Ila anayetaka kuelewa kwa nini kijana wa Entebbe anakula chapati huku amelipa ziwa mgongo, jibu liko hapo, wala si kwamba hapendi samaki.

Asiyeweza hata rolex ana kikomando: chapati iliyokatwakatwa, ikamwagiwa maharage. Hiki mimi nakiheshimu kuliko rolex, kwa sababu hakina pa kujificha. Yai lina mafuta na mafuta yanatetea mengi. Maharage yasipochemka vya kutosha, basi tena. Tafuta mahali ambapo sufuria ya maharage imekuwa motoni tangu alfajiri na mchuzi wake una rangi ya udongo. Jioni kuna gonja (ndizi kubwa tamu) za kuchoma, kabalagala zile za ndizi na unga wa muhogo, na muchomo, yaani nyama choma, kwenye vijiti. Novemba, mvua ikikubali, nsenene, wale panzi wa kuliwa. Hao usiwahesabu kama chakula cha bei nafuu, maana msimu ukianza kikombe kidogo kinaweza kushinda chakula cha mchana.

Mtu anaweza kuniambia kanuni yangu ina tundu. Twende Namawojjolo, barabara ya Jinja, ambako wachuuzi waliovaa makoti ya sare wanakimbilia madirisha ya basi na vijiti vya kuku, ini na gonja. Au Lukaya, barabara ya Masaka. Pale mteja ni msafiri asiyerudi kesho, na bado nyama ni nzuri. Je, si kinyume na nilichosema? Sidhani. Mteja wa kweli wa Namawojjolo ni dereva. Yeye ndiye anayepita kila siku, yeye ndiye anayechagua asimame au apitilize, na abiria wakilalamika tumbo njia nzima anayesumbuliwa ni yeye. Wachuuzi wanalijua hilo. Ukisafiri na gari lako mwenyewe, egesha pale mabasi yalipoegesha.

Kuhusu usafi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanalikuza wasipopaswa. Kilichotoka motoni sasa hivi ni salama kuliko buffe iliyopozwa hotelini tangu saa sita. Hatari ya barabarani mara nyingi iko kwenye kachumbari, sharubati na maji ya kunawia, si kwenye nyama. Ukiwa na shaka, acha mbichi, kula cha moto. Na mwombe mkaangaji asikufungie chakula cha moto kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Wengi watakuelewa ukiwa na kisahani chako.

Kwa sisi wasema Kiswahili kuna dondoo moja la ziada. Katika masikio ya wazee wengi wa Buganda, Kiswahili bado kina harufu ya kambi na bunduki, japo Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Ukifika kwenye sigiri ya mama wa katogo na kuanza na "lete", utaletewa, ila kipande chako hakitakuwa cha katikati. Anza na "nnyabo, wasuze otya", kisha endelea na Kiswahili chako chote. Kitoro utajibiwa bila taabu: kuna Wakongo, kuna wafanyabiashara wa Kenya, kuna askari na familia zao. Kampala, Kisenyi hauhitaji hata hiyo salamu ya Kiganda. Kwenye hoteli za Wasomali Kiswahili kinapita vizuri, wali unakuja na ndizi mbivu pembeni, na sinia moja linatosha wawili wasiogombana.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ramani hii yote inaweza kufutwa kwa amri moja. Januari 2022 Mamlaka ya Jiji la Kampala iliwaondoa wachuuzi wa barabarani kwa hoja ya usafi na utaratibu, kama ilivyowahi kufanya miaka ya nyuma. Mei 2023 ikaja amri ya rais kuzuia mkaa wa biashara kutoka kaskazini. Amri hiyo ina sababu nzuri za misitu, lakini kila sigiri ya Entebbe na Kampala inakula mkaa, na gesi haijashuka hadi bei ya mkaanga chapati. Hatua hizi mbili hazikuzungumza, na zote zinamwangukia mtu yule yule.

Mchuuzi akisukumwa kutoka stendi ya teksi hadi chumba cha kupanga, mayai hayaongezeki na unga haubadiliki. Kinachoongezeka ni kodi ya pango, na kodi hiyo ataidai kwa mlinzi wa geti na mfagiaji wa uwanja wa ndege, kwa sababu hana mwingine wa kumdai. Wanaotaka barabara safi wangeweza kuanza na bomba la maji, taa na pipa la taka kwenye kila stendi, pamoja na kibali cha kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni, na mpango wa mkopo wa mitungi ya gesi kwa wenye masigiri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mwekezaji, na ukaguzi wa afya ungekuwa rahisi zaidi kwa mtu anayejulikana anaposimama kuliko kwa anayekimbia na kikaango cha moto mkononi.